Mwembe na Mninga: Habari za Mbegu za Miti ya Tabora

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, karibu mizigo yote ya bara ilichukuliwa na watu vichwani na mabegani. Njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora. Hapo ikagawanyika: njia moja ilikwenda magharibi hata Ujiji penye ziwa la Tanganyika, na nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi bara na nguo, shanga na masango ya shaba. Katika njia iyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Kwa hiyo ilikuwa njia ya faida kwa wengine, na ya machozi kwa wengine.

Misafara ile imekwisha zamani, lakini imeacha alama ambayo mtoto wa Tabora huiona kila siku, nayo ni miembe. Bagamoyo iko miembe, Tabora iko, Ujiji iko. Hata Kwihara, mahali ambapo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi, iko miembe. Walakini mwembe si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani nayo. Uliletwa pwani kwa vyombo vya bahari, na kutoka pwani ulipanda bara pamoja na wasafiri.

Lakini Tabora ina miti yake ya asili pia. Sehemu kubwa ya nchi ya Unyamwezi imefunikwa na msitu wa miombo, na katika msitu huo mti unaosifiwa kupita yote kwa mbao zake ni mninga. Mlango mzuri, kitanda kizuri, kabati nzuri, watu hupenda viwe vya mninga. Mti huu ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Mwembe ni mgeni, mninga ni mwenyeji. Tena mbegu za miti hii miwili zina tabia zilizo kinyume kabisa. Kitu kinachoihifadhi mbegu ya mninga ndicho kinachoiua mbegu ya mwembe. Mtu asiyejua jambo hili aweza kufanya kazi kwa bidii mwaka mzima, asipate mche hata mmoja.

Mbegu ni kitu gani?

Watu wengi hudhani mbegu ni kitu kisicho na uhai, kama kijiwe, mpaka siku itakapotiwa udongoni. Sivyo. Ndani ya kila mbegu nzima umo mche mchanga sana, una mzizi wake mdogo na chipukizi lake dogo. Pamoja na mche huo kimewekwa chakula, kama vile mpagazi alivyofungiwa posho ya safari. Nje liko ganda la kuulinda. Mche huo umelala, lakini hai. Huvuta pumzi, ijapokuwa polepole mno, na kila siku hula sehemu ndogo ya posho yake. Posho ikiisha kabla ya kupata udongo na maji, mche hufa. Na huo ndio udanganyifu wa mbegu: iliyokufa na iliyo hai zaweza kufanana kabisa kwa nje.

Maji ndiyo yanayotawala mwendo wa uhai huo. Fikiri taa ya mafuta. Utambi ukipandishwa, mwanga huwa mkubwa, lakini mafuta huisha upesi. Utambi ukishushwa, taa hudumu hata alfajiri. Mbegu yenye maji mengi ndani yake ni kama taa iliyopandishwa utambi, na mbegu iliyokauka ni kama taa iliyoshushwa.

Lakini si mbegu zote zinazoweza kushushwa utambi. Mwaka 1973 mtaalamu wa Kiingereza, E. H. Roberts, alizigawa mbegu za dunia katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni mbegu zinazovumilia kukaushwa. Hizo zikikauka vizuri hudumu miaka mingi. Kundi la pili ni mbegu zisizovumilia. Zikikauka hufa papo hapo, hata zikitiwa maji baadaye haziamki. Mninga ni wa kundi la kwanza. Mwembe ni wa kundi la pili.

Nguvu ya mbegu za kundi la kwanza ni ya kustaajabisha. Katika ngome ya kale ya Masada, nchi ya Israel, wachimbaji walipata mbegu za mtende zilizokuwa zimekaa mahali pakavu miaka ipatayo 2,000. Mwaka 2005 mojawapo ilipandwa, ikaota, ikawa mtende. Kokwa la embe haliwezi jambo kama hilo. Likiachwa likauke, majuma machache hutosha kuliua.

Mwembe, mti usiongoja

Kwa nini mwembe umekuwa hivyo? Jibu lapatikana katika majira ya nchi yake ya asili. Huko Bara Hindi maembe huiva wakati wa joto kali, kabla kidogo ya mvua kubwa kuanza. Embe laanguka, na baada ya siku chache mvua yanyesha. Kokwa halina haja ya kungoja. Limebeba chakula kingi na maji mengi, tayari kuota mara moja. Mti ambao mvua huufuata upesi hauna sababu ya kuifundisha mbegu yake kuvumilia ukame.

Mwembe ulipofika Tabora ulikuta majira yanayoufaa. Mvua za Tabora huanza mwezi wa Novemba na kwisha mwezi wa Aprili, na maembe mengi huiva mvua zinapoanza au zinapoendelea. Kwa hiyo kokwa lililotupwa nyuma ya nyumba huota lenyewe.

Sasa na tufikiri juu ya ile safari. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi mwaka 1871, akafika Unyanyembe mwezi wa Juni. Yaani alitembea yapata miezi mitatu. Mpagazi ambaye angetia kokwa katika mzigo wake huko pwani, likakaa na nguo na shanga muda wa miezi mitatu na kukauka, angefika Tabora na kokwa lililokufa. Basi mwembe haukuweza kuruka kutoka pwani hata Unyanyembe kwa namna hiyo. Njia zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, mtu alihifadhi kokwa au mche katika udongo wenye unyevu, akautunza njiani kwa kusudi la kuupanda nyumbani kwake. Ya pili, mti ulisafiri kama misafara yenyewe ilivyosafiri, kambi kwa kambi. Embe laliwa, kokwa latupwa penye kambi, laota. Baada ya miaka sita au zaidi mti wazaa. Wapitao wala matunda yake, wachukua mengine, na mwendo wa siku chache mbele makokwa mengine yaanguka.

Kwa sababu hiyo kila mwembe mkongwe katika njia ile ni ushuhuda kwamba palikuwa na mtu aliyeitia mbegu udongoni upesi, kwa kujua au kwa kutojua. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hii kwa UNESCO iwekwe katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Mninga, mti ungojao

Mninga umezaliwa katika nchi yenye kiangazi kirefu. Hutoa maua ya manjano mwisho wa kiangazi na mvua zinapokaribia, na nyuki huyapenda. Matunda hukua wakati wa mvua. Lakini yanapokomaa mvua zinakwisha, na mbele yake iko miezi mingi isiyo na tone la maji. Mbegu ambayo ingeota wakati huo ingekufa kwa kiu. Kwa hiyo mninga umeifundisha mbegu yake kungoja.

Tunda la mninga ni la ajabu kwa umbo. Ni la mviringo, upana wake inchi tatu hata tano. Katikati lina kitovu kigumu chenye miba mingi kama nywele za nungunungu, na pande zote limezungukwa na ubawa mwembamba kama karatasi. Majani ya mti yakisha kupukutika, matunda hayo hubaki yakining'inia, yakichezwa na upepo. Yakianguka, upepo huyasukuma hatua kadhaa mbali na mama yao. Mbegu yenyewe imo ndani ya kitovu, mara nyingi moja au mbili tu, na kuitoa ni kazi ngumu.

Ikisha kuota, mninga haufanyi haraka kupanda juu. Wakati wa mvua hutoa kijiti chenye majani machache. Kiangazi kikija, kijiti hicho hufa au huunguzwa na moto. Mtu asiyejua husema, “Mche umekufa.” Lakini chini ya udongo mzizi uko hai, tena unaongezeka unene kila mwaka. Mvua zikirudi hutoa kijiti kingine, nacho hufa vilevile. Hali hiyo yaweza kuendelea miaka kumi au zaidi. Mzizi ukisha kuweka akiba ya kutosha, ndipo mwaka mmoja mninga hupandisha shina kwa nguvu, ili kichwa chake kiupite moto wa nyasi.

Kutoka hapo hata kufikia unene wa kupasuliwa mbao, mninga hutaka miaka mingi, kama 80 au 100. Yaani babu akiuona unaota, mjukuu wake akiwa mzee ndiye atakayepata mbao. Msumeno huuangusha kwa muda mfupi kuliko wa kupika ugali.

Jinsi miti mingine inavyotawanya mbegu

Mti hauna miguu, lakini mbegu zikianguka zote chini ya mama yao zitanyang'anyana mwanga na maji. Kwa hiyo kila mti una hila yake ya kuzisafirisha.

Mtundu, ambao ni mmojawapo wa miti mikubwa ya miombo, una maganda mapana na magumu kama ubao. Katika joto la mwisho wa kiangazi maganda hukauka, yakajipinda, kisha yakapasuka kwa mlio na kurusha mbegu zake. Mtu akipita msituni alasiri husikia milio hiyo huku na huku. Lakini mrusho huo haufiki mbali. Tena mbegu za mtundu hazikai udongoni miaka mingi. Mvua za kwanza zikinyesha huota, na zisizoota huoza au huliwa. Hapa liko jambo kubwa la kukumbuka: udongo wa msitu wa miombo si ghala ya mbegu. Msitu ukikatwa, hurudi hasa kwa machipukizi ya visiki na mizizi. Visiki vikisha kung'olewa na kuchomwa mahali papana, msitu hurudi kwa hatua za mtundu, hatua chache kwa kila kizazi.

Mkongo, uitwao pwani mbambakofi, umechagua wachukuzi wengine. Mbegu yake ni nyeusi inayong'aa, na mwishoni imevikwa kofia nyekundu yenye utamu. Ganda likifunguka, hondohondo na nyani huziona mbegu hizo kwa mbali, huja kula kofia, na mbegu yenyewe huangushwa mahali pengine.

Migunga hutoa maganda yanayoliwa na swala, na mbuzi pia. Mbegu zake zina ngozi ngumu mno, hata nyingi hupita tumboni mwa mnyama bila kudhurika, zikatoka katika mavi mbali na mti. Mnyama akila maganda mapema hufaidi mti kwa njia nyingine pia: wadudu wadogo waliokwisha kuingia ndani ya mbegu hufa tumboni. Basi mbuzi anayelaumiwa kwa kula miche, mara nyingine huwa mpandaji wa mgunga.

Adui watatu

Adui wa kwanza wa mbegu ni wadudu. Mtu akiokota mbegu zilizolala chini siku nyingi, akazitazama sana, ataona tundu dogo la duara katika baadhi yake. Tundu hilo ni mlango aliotokea mdudu akisha kula kilichokuwamo. Mbegu hiyo ni nyumba tupu.

Adui wa pili ni moto wa mwisho wa kiangazi. Moto uwashwao mapema, mwezi wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado mbichi kidogo, hupita chini na kwa nguvu ndogo. Moto wa Septemba na Oktoba hukuta nyasi kavu kabisa, hupanda juu, huunguza matunda yaliyoanguka na miche iliyo karibu kuokoka. Kwa sababu hiyo wenye ujuzi wa misitu huchoma mapema penye ulazima, ili moto mkali usipate chakula baadaye. Wafuga nyuki pia huuchukia moto wa mwisho, kwani huharibu mizinga na maua. Na asali ya miombo ni mali kubwa ya Tabora.

Adui wa tatu ni kukata bila kufikiri. Mkoa wa Tabora hulima tumbaku nyingi, na tumbaku hiyo hukaushwa kwa moto wa kuni katika mabani. Mkaa na mbao nazo zatoka msituni. Hakuna anayeweza kumwambia mkulima asipike wala asiuze. Lakini mininga mikubwa yenye shina lililonyoka ndiyo inayokatwa kwanza, nayo ndiyo iliyokuwa mama wa mbegu bora. Yakibaki mashina mafupi yaliyopinda tu, mbegu za kesho zitatoka kwa hayo.

Kazi ya mkono: kukusanya, kutunza na kuamsha mbegu

Mwanafunzi atakaye kuotesha miti na ashike mambo haya.

Kwanza, achague mama. Mbegu zikusanywe kutoka miti yenye afya na shina lililonyoka. Tena zisikusanywe kutoka mti mmoja tu, bali kutoka miti mingi iliyo mbalimbali, hatua 100 au zaidi kati ya mti na mti. Miche ya mama mmoja ikizaana yenyewe kwa yenyewe hudhoofika, na ugonjwa mmoja waweza kuiua yote. Wala asizoe zote. Sehemu iachwe kwa ajili ya msitu na wanyama wake.

Pili, angoje ukomavu. Tunda la mninga lichumwe kiangazi, likiwa limekauka na kugeuka rangi ya udongo. Maganda ya mtundu yachumwe kabla kidogo ya kupasuka, yakatandazwe mahali penye jua na kufunikwa kwa wavu au nguo nyepesi, kwani yakipasuka yatarusha mbegu kila upande. Matunda ya kwanza kuanguka yaachwe, kwa sababu mara nyingi yameanguka kwa kuliwa na wadudu.

Tatu, atofautishe makundi mawili. Mbegu za mninga, mkongo na mgunga zianikwe kivulini penye upepo hata zikauke sawasawa, kisha zitiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana. Wanyamwezi wa zamani walikuwa na lindo, chombo kilichotengenezwa kwa gome la mti, cha kuwekea nafaka na vitu vya nyumbani. Leo chupa au debe lenye kifuniko hufaa. Majivu makavu yakichanganywa na mbegu huwazuia wadudu. Chombo kiwekwe mahali pa baridi pasipofikiwa na jua wala joto la jiko, nacho kiandikwe jina la mti, mahali na tarehe.

Kokwa la embe lisitendewe hivyo hata kidogo. Likisha kuliwa lioshwe nyama iliyobaki, ganda gumu la nje lifunguliwe kwa uangalifu bila kukata kiini, na kiini kitazamwe kama hakina mdudu. Kisha kipandwe siku ile ile au siku chache baadaye, mgongo wake ukielekea juu, udongo kidogo juu yake. Ikiwa hapana budi kungoja, kifunikwe kwa pumba za mbao zenye unyevu mdogo, kisikauke wala kisilowe. Yako makokwa yatoayo mche mmoja, na mengine hutoa miwili au mitatu; ikiwa ni mingi, mmoja ulio bora uachwe.

Nne, apime kabla ya kupanda. Achukue mbegu chache azipasue kwa kisu: kiini cheupe kilichojaa ni dalili njema, kiini cheusi, kilichooza au kilicho vumbi ni dalili ya kifo. Kisha achukue mbegu 100, azipande katika mchanga wenye unyevu, ahesabu zitakazoota. Zikiota 40, basi anayetaka miche 200 lazima apande mbegu 500. Hesabu hii ndogo huokoa fedheha kubwa siku ya kupanda.

Tano, aziamshe zinazolala sana. Mbegu za mgunga humiminiwa maji yaliyochemka na kuteguliwa motoni, zikaachwa humo usiku kucha hata yapoe. Zisichemshwe juu ya moto, zitaiva kama maharagwe. Mkongo huondolewa kofia yake nyekundu, kisha ngozi yake hukwaruzwa kidogo upande ulio mbali na mzizi, ikalowekwa majini usiku mmoja. Mninga hukatwa ubawa kwanza, kitovu kikafunguliwa polepole kwa kisu kikali, na mbegu ikatolewa bila kuumizwa. Kazi hii yataka saburi. Mwenye haraka atapasua mbegu pamoja na tunda.

Sita, akumbuke mzizi. Mninga hupeleka mzizi chini sana tangu mwanzo, nao hauvumilii kung'olewa na kuhamishwa. Ni afadhali mbegu ipandwe pale pale mti utakapokaa, mwanzo wa mvua, na mahali pawekewe alama ya kigingi. Alama hiyo ni muhimu, kwa sababu kiangazi kikija kijiti kitakufa, na mtu asiyejua atalima hapo akidhani ni patupu.

Ghala za mbegu

Mataifa mengi yametambua thamani ya mbegu. Mwaka 2000 huko Wakehurst, Uingereza, ilifunguliwa ghala kubwa ambamo mbegu za mimea ya dunia hukaushwa, zikawekwa katika baridi kali ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ili zidumu vizazi vingi. Katika Tanzania, mwaka 1989 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa mbegu za miti, makao yake yakiwa Morogoro. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Lakini hata ghala iliyo bora haiwezi kuweka kokwa la embe juu ya rafu. Mti wa namna hiyo huhifadhiwa hasa kwa njia moja: kuupanda, na kuupanda tena. Na mninga nao, ijapokuwa mbegu yake yaweza kulala chomboni miaka mingi, hautatoa mbao wala maua kwa nyuki ukiwa chomboni. Mbegu iliyohifadhiwa ni ahadi. Anayeitimiza ni yule atakayeipanda, akaweka kigingi, na kuulinda moto usifike.

Wapagazi waliokula maembe kambini hawakukaa kivulini mwa miti iliyoota hapo. Walipita. Kivuli walikipata wengine. Vivyo hivyo mtoto apandaye mninga leo hatapasua mbao zake. Lakini wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba; na msitu wa Unyamwezi, ulio mkubwa hivi, umejazwa kwa mbegu moja moja.

Maswali

1. Taja njia mbili ambazo mwembe uliweza kufika Tabora kutoka pwani. Kwa nini kokwa kavu lisingefaa?
2. Eleza jinsi majira ya mvua yalivyoifanya mbegu ya mwembe iwe mbali kwa tabia na mbegu ya mninga.
3. Mche wa mninga ukikauka wakati wa kiangazi, yafaa kung'olewa? Toa sababu.
4. Kwa nini udongo wa msitu wa miombo hauitwi ghala ya mbegu? Msitu huo hurudi kwa njia gani?
5. Moto wa Juni na moto wa Oktoba unahitilafiana namna gani?
6. Mtu amepima mbegu 100 za mkongo, zimeota 60. Akitaka miche 300, apande mbegu ngapi?
7. Tafuta karibu na shule mti mmoja wa asili. Andika jinsi unavyotawanya mbegu zake na mwezi zinapokomaa.